Kadi Mbili, Meza Moja

4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Kama bahati ingekuwa mvua, mjomba wako angekuwa ameshazama, mkaokota kofia tu. Kaa kwanza. Umekaa? Haya: nimefanywa Fundi Mkuu. Karakana nzima ya kompyuta, vyumba vitatu na stoo, funguo zote ziko kiunoni kwangu, nikitembea zinalia kama njuga. Mwenye karakana alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Mzee, bila wewe hapa hapafunguki." Ndivyo alivyosema, sijaongeza hata punje ya chumvi.

Chini yangu nina mafundi wanne. Mmoja ni mama mfupi, miwani yake minene kama vitako vya chupa, na jina lake la kazi ndilo hilo hilo, Miwani. Mchana kutwa ananijia: mjomba hiki, mjomba kile. Namjibu huku nakunywa chai. Kazi ya ualimu inachosha, lakini nani atawafundisha?

Mimi mzima, ila goti la kushoto linanidai heshima kila asubuhi. Dada yangu, yaani mama yako, hajambo? Mwambie mkono wake umekuwa mvivu. Tangu mwaka jana sijauona mwandiko wake, au ameniandika kwenye orodha ya marehemu?

Sasa nije kwenye lako. Umesema kompyuta ya mafaili hapo kliniki ya macho imejaa picha mpaka kooni, na Daktari anawaambia msubiri bajeti. Bajeti mtoto wa nani? Dereva wa lori atakuletea boksi. Ndani kuna kadi moja ya diski na diski zake mbili. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, utaona kwenye ile bodi kubwa, mazabodi, kuna tundu jeupe liko tupu pembeni mwa kadi yenu ya zamani. Chomeka, kaza skrubu, funika. Halafu hamishia picha zote kwenye diski mpya, na zile za zamani futa, nafasi ni nafasi.

Na usiombe ruhusa. Ukiomba ruhusa utapewa kikao. Daktari akute tu mambo yamenyooka, atakupandisha cheo kabla ya chakula cha mchana.

Ni mimi mjomba wako, Fundi Mkuu (zoea kuliandika hilo kwenye bahasha).


26 Februari

Mjomba Fundi Mkuu, shikamoo,

Hongera! Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa nyumbani. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Huyo kaka yangu akipewa funguo za choo atasema kapewa ikulu." Lakini machozi yalimtoka, na yalikuwa ya furaha. Anakusalimu sana. Kuhusu mkono wake kuwa mvivu, hilo tuliache kwanza.

Boksi lilifika. Nilifanya kama ulivyoagiza, siku Daktari alipokwenda mkutanoni. Nilikaza skrubu, nikawasha, mashine ikaziona diski zote nne! Nimehamisha picha elfu tatu na ushee za wagonjwa. Pale pa kufuta za zamani moyo ulisita. Nilijiambia ningeweka nakala mahali, maana picha hizi hazipigwi mara mbili: ya mwaka jana ni ya mwaka jana. Daktari huiweka pembeni mwa ya mwaka huu, akapima jicho limesogea wapi. Nikasema, aa, Fundi Mkuu kaniambia futa. Nikafuta.

Sasa mashine inakimbia. Daktari hajui lolote, anasifu tu kwamba siku hizi picha zinafunguka upesi. Cheo bado, mjomba. Chakula cha mchana kimepita mara nyingi.

Mpwa wako.


3 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Huku wazima, mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale. Naomba uisome barua hii polepole, kisha unijibu haraka.

Umeme ulikatika siku tatu. Uliporudi niliwasha mashine ya mafaili ikaishia njiani. Kuna maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ambayo kwa lugha yetu ni kwamba nafasi ya memori haitoshi kupakia programu ya kadi. Chini yake inasema haioni diski ya kuanzia. Basi, imekaa hapo kama ng'ombe aliyegoma.

Nimejaribu hivi. Nikiitoa kadi yako, mashine inawaka vizuri na mafaili yapo, lakini picha hakuna hata moja, maana ziko kwenye diski zako. Nikiirudisha, haiwaki kabisa. Nikiiacha yako peke yake, inaziona diski zako, lakini hizo hazina cha kuiwashia mashine. Kila kadi peke yake ni nzima, zikikaa pamoja mojawapo inakataliwa. Na mwezi mzima zilikaa pamoja bila ugomvi! Jambo jingine dogo, sijui kama lina maana: saa ya mashine imerudi nyuma miaka mingi, inasema ni mwaka ambao mimi nilikuwa sijaanza shule.

Daktari amejua. Hakufoka, na ningependa angefoka. Aliuliza, "Nani alikwambia uifungue?" Ameniondoa mezani, sasa napanga foleni mlangoni mpaka picha zipatikane. Zisipopatikana, natafuta kazi.

Na lile nililoliacha kwenye barua iliyopita: Mama hakuandikii kwa sababu mistari ya karatasi inamkimbia. Ana ugonjwa wa presha ya macho tangu mwaka juzi. Alinikataza nisikwambie, alisema utaleta mizaha. Picha zake nne zimo kwenye diski zako. Mwezi wa nne ndio zamu yake ya kupimwa, na Daktari hana pa kulinganishia.

Fanya hima, mjomba wangu. Wewe ndiye fundi.


15 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na dada yangu mwambie mizaha sina tena, nimeifungia kabatini.

Barua yako nimeisoma mara moja tu ikanitosha. Mashine yenyewe imekwambia ugonjwa wake, nafasi ya memori haitoshi. Basi iongezee memori! Mtoto akisema ana njaa unampa chakula, humpi dua. Nunua memori mpya, ile pana kabisa, chomeka kando ya iliyopo, washa. Hiyo ya saa kurudi nyuma iache, saa hata ukutani hurudi nyuma.

Miwani naye nimempa kijaribio, nikamwandikia lile neno la kwenye skrini kwenye kikaratasi nione kama masomo yameingia. Akakuna kichwa, akasema, "Hii inaweza kuwa mambo mengi, nipe habari zaidi." Unaona? Wanafunzi hawa. Nikamwambia atafakari.

Usiogope kitu. Kesho kutwa tu utakuwa umerudi mezani kwako.

Mjomba.


28 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Memori nimenunua, mshahara wa mwezi huu umekwenda nayo. Nimechomeka. Mashine imeihesabu, imeiona yote, imekuwa mara mbili ya ilivyokuwa. Halafu yakaja yale yale maneno meupe, herufi kwa herufi.

Mama kapimwa juzi bila picha za zamani. Daktari amempa dawa zile zile na kumwambia, "Tuombe jicho halijasogea." Daktari wa macho anaomba!

Huyo mama mwenye miwani, kama alitaka habari zaidi, si umpe barua yangu asome yote? Nimeeleza kila kitu. Mbona unampa kikaratasi?

Nasubiri.


2 Juni

Mjomba,

Leo ni wiki ya tano tangu nikuandikie. Kama unaumwa niambie. Kama barua imepotea, basi hii isipotee. Mama hajambo.

Mpwa wako.


9 Juni

Mpwa wangu,

Nipo, nilikuwa na shughuli.

Tumekaa na Miwani. Ameisoma barua yako ya Aprili yote, kutoka shikamoo mpaka mwisho, akarudia. Akaweka kidole pale kwenye saa iliyorudi nyuma. Akasema, "Hapa ndipo. Mbona hukunionyesha hapa?" Sasa sikiliza, nayaandika kama alivyoyasema, na mengine alinishikia kalamu.

Mashine ikiamshwa, kabla haijafungua milango ya nyumba, kila kadi huja na karatasi yake ya maelekezo na kuiweka kwenye meza moja ndogo ya mlangoni. Meza hiyo ilichongwa kiwandani pamoja na mazabodi. Ni ndogo, na haipanuki hata ufanye nini. Memori uliyonunua ni sebule. Tumekupanulia sebule, meza ya mlangoni imebaki ile ile. Hela yako nimeitupa mimi.

Sasa, kadi zenu mbili zinatosha kwenye meza hiyo, tena kwa kubanana. Ila kuna mgeni wa tatu. Mazabodi hiyo ina sehemu yake ya mtandao iliyojengewa ndani, nayo ina karatasi yake, ya kuiwashia mashine kwa njia ya mtandao. Nyinyi hamuitumii, na aliyewafungia mashine zamani aliizima kwenye mipangilio. Mipangilio hiyo hukumbukwa na betri ndogo bapa kama sarafu. Betri imekufa. Umeme ulipokuwepo haikuonekana. Ulipokatika siku tatu, mashine ikasahau yote, ikasahau na mwaka, ikarudi ilivyotoka kiwandani. Yule mgeni akaamka, akaweka karatasi yake mezani, kadi yangu ikaweka ya kwake, na kadi yenu ya zamani ilipofika meza imejaa. Ndiyo maana haioni diski ya kuanzia.

Fanya hivi. Chomoa umeme. Badilisha betri, hiyo ya zamani nenda nayo dukani upate namba ile ile. Kadi ya zamani ihamishie tundu la kwanza, lililo karibu na kichwa cha bodi, yangu ikae baada yake, ili anayeiwasha nyumba awe wa kwanza mezani. Waya za diski zisibadilishane, kila moja irudi kwa mwenyewe. Washa, ingia ukurasa wa mipangilio kwa kitufe ambacho skrini yenyewe itakutajia, tafuta mstari wa kuwashia mashine kwa mtandao, uzime. Rekebisha tarehe. Hifadhi. Toka.

Na mashine ikikuuliza kama uanze upya diski au uzifute, JIBU HAPANA. Hilo Miwani alilipigia mstari mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

Picha hazijapotea. Anasema hazikuwahi kupotea. Zilikuwa nyuma ya mlango tu.

Macho ya dada yangu yakoje? Umeandika "Mama hajambo" ukakata hapo hapo.

Mjomba wako.


24 Juni

Mjomba, shikamoo,

Imewaka.

Nilifanya mbele ya Daktari, kwa ruhusa, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Betri niliipata duka la saa. Mstari ulikuwepo pale pale aliposema, nikauzima, nikahifadhi. Yalikuja maandishi ya kadi ya kwanza, kisha ya pili, kisha nyumba ikafunguka. Picha elfu tatu na ushee, zote. Daktari aliketi kwenye kiti changu akafungua picha za Mama kwanza, hakuniuliza.

Umeuliza macho ya Mama. Amenikataza nisikuandikie haya, lakini nimechoka kukatazwa na ndugu wawili. Jicho la kushoto limesogea. Upande wa nje hauoni tena, na kilichokwenda hakirudi. Dawa zimebadilishwa siku ile ile. Daktari alisema, kwa upole, kwamba picha hizi zingefunguka mwezi wa nne wangebadilisha mwezi wa nne. Hakusema zaidi. Mama mwenyewe anafanya utani: "Zamani nilikuwa nagonga milango, siku hizi milango inanigonga mimi." Jana alimwaga chai akidhani meza imeishia mbali zaidi. Akapangusa, akaendelea kusimulia.

Mjomba, betri ilikufa yenyewe, hilo silihesabu. Mimi nilifuta bila kuweka nakala, hilo langu, nalibeba. Ila kuna wiki nane ambazo barua yangu ilikuwa mfukoni mwako na mwenye jibu alikuwa chumba kimoja na wewe. Hizo sizielewi. Nimezigeuza huku na huku, sizielewi.

Sasa la kazi. Daktari anasema nirudi mezani kwa sharti moja. Fundi aliyenielekeza aandike barua rasmi, yenye jina la karakana, aeleze alichoniagiza na kwa nini mashine iligoma. Anataka kuona kwamba nilimsikiliza fundi wa kweli, kwamba sikuokota ushauri njiani. Ifike kabla ya mwisho wa Julai, la sivyo meza anapewa mwingine. Kwako ni kazi ya dakika kumi. Weka na muhuri.

Mpwa wako.


5 Julai

Mpwa wangu,

Salamu zangu kwa dada ni ndefu, lakini hizo nitazileta mwenyewe, mdomo kwa mdomo, na kama atanifungia mlango nitazisema nikiwa nje.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ina muhuri. Usiifungue, mpe Daktari. Ina kurasa mbili juu ya meza ya mlangoni, betri na mgeni wa tatu. Inasema kadi ilikuwa nzima, umeichomeka ipasavyo, na mtu yeyote mwenye mashine ile angepatwa na hilo hilo betri ikifa. Inasema ulivyojaribu kadi moja moja na kuandika ulichokiona ndivyo fundi anavyofanya, na kwamba aliyeiandika angekuajiri kesho. Na inasema pia kosa la kufuta bila nakala liliagizwa na mtu asiyestahili kuagiza, na mtu huyo amekiri mbele yake. Nadhani Daktari atakurudisha. Asipokurudisha, Miwani kasema uje kwake, na yeye hasemi maneno ya kujaza hewa kama mimi.

Maana aliyeandika ni Miwani. Nilimwomba aniandikie kisha mimi nitie sahihi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akavaa. "Nitaandika," akasema, "na sahihi ni yangu. Lakini leo hii, hapa mezani, nikiona, utamwandikia huyo binti ukweli." Yuko mbele yangu sasa. Anakaza skrubu za mashine ya mteja na kila nikiinua kalamu anainua nyusi.

Zile wiki nane. Barua yako ya Aprili imeanza "Mjomba", na kwenye mstari wa mwisho umeandika "wewe ndiye fundi". Kwenye bahasha umeandika Fundi Mkuu, kama nilivyokufundisha. Ningempaje Miwani aisome? Ndiyo maana nilinakili maneno ya kwenye skrini peke yake kwenye kikaratasi, na nikaacha saa, nikaacha umeme, nikaacha kila kitu ambacho kingemwambia jibu, kwa sababu kilikuwa kwenye karatasi moja na uongo wangu. Aliniomba habari zaidi mara tatu. Mara tatu nilimwambia nimesahau. Barua ilikuwa mfukoni mwa shati, naitoa mchana nairudisha, mpaka mikunjo yake ikaanza kupasuka. Nilijua picha za dada yangu zimo humo. Nilijua ni mwezi wake. Nilijiambia memori itatibu, halafu ilipokataa nikajiambia kesho. Ile ya tarehe mbili Juni, ile fupi, ndiyo iliyonishinda. Nilimkabidhi zote, pamoja na bahasha zake, nikatoka nje nikasimama kama mtoto aliyevunja chungu. Aliposoma hakucheka. Afadhali angecheka.

Upande wa nje wa jicho la dada yangu nimeula mimi. Msikilize Daktari kwa mengine yote, lakini hilo asikuhesabie wewe hata nusu, na wewe usijihesabie.

Kadi ile sikuinunua. Ilikuwa kwenye kapu la vitu vya kutupwa, Miwani alinipa nilipoomba. Wanafunzi sina. Cheo sikupewa. Asubuhi nafungua milango, nafagia vyumba vitatu na stoo, nachemsha chai, namwaga taka. Kompyuta sijawahi kuifungua hata moja, mpwa wangu. Mimi si fundi.